Tope la mtoni linatoka shambani kwa nani?



Tangu mvua zianze, katika vikao vyetu swali moja linarudi kila mara: hili tope la mitoni linatoka wapi? Wale wanaoteka maji ziwani wanaliona chini ya bidoni. Wanaouza mboga wanalisikia kwa wenzao wa Minova, ambao mashamba yao ya bondeni yamefunikwa na mchanga. Na wale wanaolima milimani wanalisikia kwa namna nyingine: wao ndio wanaolaumiwa. Katika kijiji kimoja ambako wenzetu kumi na wanane wanakodi mashamba, wakubwa walitaka kuwakataza wamama kulima kando ya kijito. Walisema ni jembe la mwanamke linalojaza mto. Msimu ulikuwa unakaribia, mbegu za maharagwe zilikuwa zimekwisha kununuliwa kwa pesa ya akiba ya kikundi, na mwenye kukodi hana karatasi ya kujitetea.

Tuliona kwamba kulia au kubishana hakutasaidia. Kama mtu anasema tope linatoka pahali fulani, basi pahali hapo panaweza kutafutwa. Leo tunawaeleza tulivyotafuta, tulichokiona, na kile ambacho wenye elimu ya udongo wanakijua juu ya jambo hili, ili na ninyi mkifika kwenye kikao cha namna hiyo msiende mikono mitupu.

Mji usio na mto

Mtoto aliyezaliwa Goma anaweza kufika miaka kumi bila kuona kijito. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji mengi yanaingia katika nyufa za mawe na kupotea. Lava ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilisimama pembeni ya mji. Hayo ndiyo mawe tunayokanyaga, tunayojengea kuta, na ambayo vumbi lake jeusi linaingia hadi kwenye sufuria.

Lakini kutokuwa na mto hakutuondoi katika habari ya tope. Tunakunywa ziwa, na ziwa linapokea mito ya watu wengine. Upande wa magharibi kuna milima ya Masisi na ya Kalehe, inayoshusha maji yake Sake, Minova, na vijiji vyote vya pwani hadi kuelekea Bukavu. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka, kuna mto Sebeya, unaoingia ziwani kusini ya Gisenyi, karibu sana nasi. Kabichi, maharagwe na mihogo tunayonunua Kituku inatoka katika milima hiyo hiyo. Basi udongo ukiondoka mlimani, sisi tunaupata mara mbili: kwenye maji yanayokuwa machafu, na kwenye bei ya chakula inayopanda.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu meta 485, na njia yake ya kutoka ni moja tu, mto Ruzizi huko Bukavu. Udongo mwingi unaoingia humo hautoki tena. Unazama na kulala chini. Kile kinachobaki karibu na ufuko, kinachochafua maji siku mbili tatu baada ya mvua, ndicho tunachokutana nacho na bidoni zetu.

Siku zile za mwezi wa tano 2023

Hatuwezi kuandika juu ya tope bila kukumbuka. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda. Sebeya ikatoka njiani mwake, nyumba za Rubavu zikajaa maji na matope, na katika nchi ile watu zaidi ya 130 walikufa. Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4, ikawa zamu ya upande wetu wa ziwa. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mito ya Kalehe ilishuka ikiwa na mawe makubwa, miti na udongo, ikapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliozikwa walipita 400, na maelfu walihesabiwa kuwa hawaonekani. Jumatatu tarehe 8 nchi nzima ilifanya maombolezo.

Wengi wa waliokuwa sokoni walikuwa wamama kama sisi, na watoto wao mgongoni. Kuna wauzaji tuliowajua kwa majina, tuliokuwa tukiwangojea na mizigo yao, na hawakufika tena. Ndiyo sababu swali la tope kwetu linapita lile la usafi wa maji. Tope linalochafua bidoni na tope linalozika soko ni ndugu. Moja linakuja kidogo kidogo, la pili linakuja siku moja, lakini yote mawili ni mlima unaoshuka.

Baada ya msiba ule, maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, wengine walisema ni kukata miti, wengine walisema ni wachimba madini, wengine wakasema ni wamama wanaolima kwenye miteremko. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumnyoshea kidole. Walio wachache ndio waliouliza: tunajuaje?

Udongo una alama yake

Wamama wanajua kwamba udongo haufanani. Aliyekulia kwa wafinyanzi anajua ni ukingo upi una udongo wa chungu na ni upi utapasuka motoni. Ukitazama chini ya bidoni yako, utajifunza kitu. Punje nyeusi zinazokwaruza kidoleni ni majivu na mchanga wa volkano, kama ule wa mitaa yetu. Udongo mwekundu na laini, unaoshika nguo na kukataa sabuni, ni wa milima ya zamani kama ile ya Kalehe, ambako mawe yameoza kwa muda mrefu sana. Ukiona vijimagamba vinavyong'aa kwenye jua, hivyo vinatoka katika mawe meupe, ambayo mara nyingi ndiyo yanayochimbwa na watafutaji wa madini.

Wenye elimu wanafanya jambo hilo hilo kwa vyombo vikubwa. Fikiri juu ya unga wa masoso tunaowapikia watoto uji: mahindi, soya na mtama. Ukijua vizuri ladha ya kila unga peke yake, kisha ukaonja uji uliochanganywa na jirani, unaweza kusema: hapa mtama umezidi, soya ni kidogo. Wao wanachukua udongo wa kila pahali tope linapoweza kutoka: shamba, msitu, balabala, ukingo wa mto, machimbo. Wanapima madini yaliyomo katika kila mmoja. Kisha wanachukua tope la chini ya mto na kupiga hesabu: ili kupata mchanganyiko huu, kila pahali palitoa kiasi gani?

Kuna alama nyingine ya ajabu zaidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia angani. Vumbi lake lilisambaa duniani kote na kushuka na mvua, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachoitwa sesiamu. Kitu hicho kinashikamana na udongo wa juu na hakiendi chini sana. Kwa hiyo, tope lenye sesiamu ni ngozi ya juu ya ardhi, iliyooshwa shambani au malishoni. Tope lisilo nayo limetoka chini: kwenye korongo, kwenye ukingo uliobomoka, kwenye poromoko au shimo la madini. Hata mimea inaacha alama. Mahindi, mtama na majani mengi ya malisho hutumia hewa kwa njia moja, maharagwe, migomba na miti kwa njia nyingine, na tofauti hiyo inabaki udongoni baada ya mmea kuoza.

Kazi ya namna hii imefanyika katika Afrika yetu. Huko Tanzania ya kaskazini, watafiti wa Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha na wenzao wa Plymouth, Uingereza, walifuata udongo unaojaza Ziwa Manyara hadi kwenye mabonde unakotoka. Kazi yao pamoja na jamii za Wamaasai ilipewa jina la Kiswahili, Jali Ardhi. Na huku kwetu, mwaka 2023 ulitoka utafiti juu ya ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu, wenye watafiti wa kituo cha Lwiro na wa jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji. Walihesabu katika milima hiyo maporomoko zaidi ya elfu mbili. Mengine makubwa ni ya zamani sana, kabla ya jembe la mtu yeyote. Mengine ya karibuni, yasiyo na kina kirefu, yanafuata pahali msitu ulipokatwa, pahali balabala ilipokata mlima, na pahali panapochimbwa madini. Yaani jibu si moja.

Sebeya nayo inafundisha hivyo. Juu ya mto ule kulikuwa na msitu wa Gishwati, wenye hektari zaidi ya 20.000. Kwa ng'ombe, mashamba, na watu waliorudi kutafuta pa kukaa baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umebaki na hektari 600 hivi. Kilichobaki kikawekwa katika hifadhi ya taifa pamoja na Mukura. Lakini wanaofuatilia tope la Sebeya hawataji mashamba peke yake. Wanataja pia machimbo ya juu, balabala, na kingo za mto zinazoliwa na maji.

Tulivyopanda na chupa

Sisi hatuna vyombo vya kupima sesiamu. Tulikuwa na chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja na nusu, utepe wa kuandikia, na miguu. Njia ni nyepesi na kikundi chochote kinaweza kuifuata.

Mvua ikiisha kukatika, mnaanzia chini, pahali kijito kinapoingia bondeni, na kupanda. Mkifika pahali vijito viwili vinapokutana, mnajaza chupa moja katika kila mkono, kabla havijachanganyika. Unasimama ukielekea maji yanakotoka, unachota katikati, bila kuvuruga chini. Unaandika namba na saa. Mkono wenye maji masafi mnauacha, mnafuata ule wenye tope hadi makutano mengine, na hivyo hivyo. Ni kama kufuata tone la mafuta kutoka sokoni hadi mlango wa aliyepasua chupa.

Mama mmoja mzee kati yetu, aliyelima milima ile tangu usichana wake, alituongezea jambo ambalo tulilithibitisha baadaye kwa hesabu.

"Wanangu," alituambia, "msitazame rangi tu. Tazameni na wingi wa maji. Kikombe cha supu nzito hakishibishi kuliko sufuria ya supu nyepesi."

Basi kwenye kila makutano tulipima upana kwa hatua na kina kwa fimbo, tukatupa jani na kuhesabu linachukua muda gani kufika hatua kumi. Kwa njia hiyo kijito kidogo chekundu hakiwezi kubeba lawama yote wakati kijito kikubwa cha rangi ya chai kinapitisha udongo mwingi zaidi bila kuonekana.

Jina la kijito tunaliacha, na la kijiji pia, maana hatukupanda ili kumshitaki mtu. Ni juu ya Minova, na hilo linatosha.

Makutano ya kwanza yalikuwa na mikono miwili. Wa kushoto unatoka kwenye mashamba ya maharagwe na mihogo, yale yaliyokuwa yanalaumiwa. Wa kulia unapita chini ya balabala. Siku ile ya kwanza, chupa zilipokaa hadi asubuhi, ya kushoto ilikuwa na tope la kimo cha kidole kimoja kilicholazwa. Ya kulia ilikuwa na vidole vitatu, na maji ya mikono yote miwili yalikuwa karibu sawa kwa wingi.

Tulifuata mkono wa kulia. Tuliona korongo lenye kina kupita kimo cha mtu. Linaanza pahali mtaro wa balabala unapomwaga maji yake yote kwenye mteremko, pahali pamoja, bila jiwe moja la kuyapokea. Mvua ya kilima kizima, pamoja na ile inayotoka kwenye mabati ya nyumba za juu, inakusanywa na balabala na kutupwa hapo. Kila mvua inakula ukuta wa korongo. Mbele kidogo, wavulana wanachimba udongo wa matofali kwenye ukingo wenyewe wa maji, na marundo yao yako pahali mto unapofika ukijaa. Udongo wa korongo lile ulikuwa na wekundu uliokolea, usio na mizizi wala weusi wa samadi. Ulikuwa udongo wa chini, ambao jembe halijawahi kuugusa.

Tulipanda mara tatu, maana siku moja inaweza kudanganya. Baada ya mvua ndogo, mkono wa kushoto ulikuwa karibu maji masafi, na wa kulia bado mwekundu. Lakini mara ya tatu, wakati mashamba yalikuwa yamelimwa na mbegu hazijaota, mkono wa kushoto nao uliongezeka. Tulipoufuata tulifika kwenye mashamba matatu ambayo matuta yake yanashuka na mlima badala ya kuukata. Pale maji yalikuwa yamechora njia kati ya matuta, na mbegu zilikuwa zimelala chini ya shamba. Mashamba ya jirani, yenye matuta ya kukata mteremko na mstari wa majani ya ng'ombe chini yake, hayakuwa na njia hizo.

Hivyo lawama ile ilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na tulikibeba pamoja na vingine. Mtu akienda kikaoni na ushahidi unaomtetea yeye tu, hasikilizwi mara ya pili.

Chupa juu ya meza

Siku ya kikao tulizipanga chupa mezani, za kushoto na za kulia, kwa tarehe zake. Hatukusema mengi. Mzee mmoja alizigeuza moja moja kwenye mwanga.

"Hii nyekundu ni ya wapi?" aliuliza.

"Ni ya chini ya balabala, baba," mwenzetu alimjibu. "Twende pamoja mvua ikikatika, uone mwenyewe."

Walienda. Tuwaeleze yaliyopatikana, na yale ambayo hayajapatikana.

Wenzetu kumi na wanane wamebaki na mashamba, na maharagwe yamepandwa. Wamekubali kuacha ukanda wa meta tano kando ya maji bila kulima, na kupanda humo majani ya kulisha mifugo, ambayo wanaweza kukata na kuuza. Yale mashamba matatu yamegeuzwa matuta. Wakati wa salongo, kijiji kimejenga vizuizi vya mawe katika mtaro wa balabala, ili maji yapungue mwendo na yagawanywe pahali patatu. Katika korongo wamepanga mawe na vigingi vya miti inayochipuka, kuanzia juu kushuka.

Wavulana wa matofali hawajahama. Wanasema hawana udongo mwingine, na wana watoto nao. Na wenye mashamba ya kukodisha wamekubali majani lakini wamekataa miti. Hilo ni jambo la zamani katika Kivu: anayepanda mti anaonekana anatafuta kumiliki ardhi. Mama anayekodi kwa msimu mmoja hana ruhusa ya kupanda kitu kitakachokaa miaka kumi, na bado anaulizwa kwa nini hakupanda. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti kwa meta 50 kila upande wa mto na meta 100 kuzunguka chemchemi. Lakini pahali miti ilikwisha zamani, hakuna anayesema nani airudishe na kwa ardhi ya nani. Kikundi chetu kitaendelea kuomba mikataba ya miaka mitano na kuendelea. Tunawaomba na ninyi muiombe kwenu.

Kwa nini tunahangaika na kitu kidogo kama udongo? Piga hesabu hii. Shamba la hatua hamsini kwa hamsini likipoteza unene wa milimeta moja tu, sawa na ukucha, limepoteza karibu tani tatu za udongo. Na ni udongo wa juu, wenye samadi na chakula cha mmea. Hakuna mama kati yetu anayeweza kurudisha tani tatu kwa kichwa.

Mambo ya kushika

Kwanza, usalama. Msipande wakati mvua inanyesha, wala msivuke kijito kilichojaa, hata kama maji yanafika magotini tu. Na mshike hili mkawafundishe watoto: mkiwa karibu na mto wakati wa mvua kubwa na maji yakapungua ghafla, msifurahi. Pengine poromoko limeziba mto huko juu, na likipasuka maji yatakuja yote pamoja. Mkisikia mawe yakigongana juu, au mkiona maji yamegeuka kuwa mazito kwa ghafla, pandeni pembeni ya bonde, msikimbie kulifuata.

Pili, maji ya kunywa. Maji yenye tope yanakula klorini kabla haijaua vijidudu, na vijidudu vinajificha ndani ya tope. Kwa hiyo, bidoni ikiwa na maji machafu, iache itulie. Mimina yale ya juu polepole katika bidoni nyingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha ndipo utie dawa kwa kipimo ulichopewa, na ungoje nusu saa. Kama unachemsha, ngoja yatokote kweli kweli. Maji yaliyotulia yakawa meupe hayajawa salama kwa sababu hiyo. Kipindupindu hakina rangi, na mji huu unakijua tangu mwaka 1994 na kabla.

Tatu, makala ya kupikia. Tunajua bei, tunajua vita vimewafukuza wengi hadi pahali ambapo hakuna kitu kingine cha kuuza isipokuwa mti. Hatutamhukumu mama anayebeba mzigo wa makala ili watoto wale. Lakini aliye na uwezo wa jiko linalotumia makala machache, alitumie. Kila gunia tusilonunua ni miti iliyobaki imeshika mlima fulani.

Nne, kwa vikundi vya milimani: tafuteni chupa sita na mama mmoja anayejua kuandika tarehe. Chagueni kijito chenu. Pandeni mara tatu katika msimu: mashamba yakiwa wazi, yakiwa yameota, na baada ya kuvuna. Ongozaneni na mzee mmoja wa kijiji na kijana mmoja wa machimbo au wa matofali, ili kusiwe na wa kusema mlichota tope mnalolitaka. Andikeni mliyoyaona hata kama yanawagusa ninyi wenyewe.

Kikundi kitakachopenda kuanza kitume neno kwa mama katibu siku ya kikao, Jumamosi baada ya salongo. Tutawapa utepe na daftari, na wawili kati ya waliopanda juu ya Minova watakuja kutembea nanyi mara ya kwanza. Chupa mje nazo wenyewe, zilizooshwa vizuri, zisizo na rangi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akitupa uzima.